Baba ana presha, Mama ana kisukari, mimi nashinda kitini: je, mazoezi ya kuukinga ubongo yawe yale yale kwetu sote?

Binti wa Reli (Kampala) ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninaandika baada ya mabishano ya kifamilia yaliyokula Jumapili nzima, na ningependa kusikia kutoka kwa wanaolijua jambo hili kwa kazi yao au kwa kulipitia wenyewe.

Kaka yake baba yangu, tunayemwita Baba Mkubwa, ana demensia, yaani maradhi ya ubongo yanayodhoofisha kumbukumbu na kufikiri. Tulianza kuishuku alipopotea njia mara mbili akitoka soko la Tororo kurudi kwake, njia ambayo ameipita tangu utoto. Sasa kila mtu nyumbani ana hofu, na hofu hiyo imemfanya mdogo wangu atuletee ratiba ya mazoezi aliyoitoa kwenye simu, akitaka tuifuate sote bila kubagua: hatua 10,000 kila siku, kuruka kamba dakika kumi na tano, na pushapu jioni.

Baba ana miaka 71. Alikuwa fundi wa reli, ana presha kwa zaidi ya miaka kumi, na anakunywa amlodipini pamoja na atenololi. Yeye ameikubali ratiba kupita kiasi, maana ameongeza kwamba atapanda Mwamba wa Tororo kila Jumamosi kama alivyofanya ujanani. Mama ana miaka 64, ana kisukari anachokitibu kwa metformini na glibenklamidi, na magoti yake yanamuuma akishuka ngazi. Analima karanga na mahindi, na msimu ukiisha huketi katika kibanda chake cha biashara. Yeye ameikataa ratiba yote kwa sentensi moja: mtu aliyeshika jembe tangu alfajiri unamwambiaje akaruke kamba kama mtoto wa shule? Nami nina miaka 43, ni mhasibu, na siku yangu ni kutoka kwenye teksi hadi kwenye kiti, na kutoka kwenye kiti hadi kwenye teksi.

Maswali yangu ni haya. Je, ni kweli kwamba mazoezi yanazuia demensia, au ni maneno ya kututia moyo tu? Na ikiwa yanasaidia, mtu apimeje aina na kiasi kinachomfaa yeye, ikiwa hana uwezo wa kulipia kliniki ya gharama kubwa?

Mtaalamu wa Viungo (Jinja) amejibu:

Binti wa Reli, pole kwa ya Baba Mkubwa. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, na wengi ninaowahudumia ni wazee waliopata kiharusi. Nitalijibu kwa urefu swali lako la pili, kwa kuwa ndilo ambalo watu hulirukia wakiwa wamelijibu la kwanza tu.

Ratiba ya mdogo wako haina ubaya kwa mdogo wako. Kosa lake ni kudhani miili minne ni mwili mmoja. Hata hiyo namba ya hatua 10,000 haikutoka kwa madaktari: ilitokana na jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Wataalamu walipokuja kuipima baadaye, katika uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022 kuhusu watu 78,430 wa Uingereza waliovaa vipimo mkononi, walikuta kwamba hatari ndogo zaidi ya demensia ilikuwa kwa waliotembea karibu hatua 9,800, lakini waliofikia kama 3,800 tu nao walikuwa na hatari pungufu kwa robo hivi. Kwa hiyo mtu anayetembea hatua 2,000 ana sababu nzuri ya kulenga 4,000, na hana sababu ya kukata tamaa kwa kuwa hazifiki elfu kumi.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au 75 hadi 150 za mwendo mkali, pamoja na mazoezi ya kutia misuli nguvu angalau siku mbili. Aliyefikia miaka 65 anaongezewa mazoezi ya kuuzoesha mwili usiyumbe, angalau siku tatu. Chukulia hiki kama kitambaa ambacho hakijakatwa. Mimi nikiketi na mgonjwa huuliza mambo matatu kabla ya kushika mkasi: ana maradhi gani na anameza dawa gani, katika wiki ya kawaida mwili wake tayari unafanya nini, na ni kipi kati ya mwendo, nguvu na uthabiti wa kusimama ambacho hakipati kabisa. Mara nyingi jibu la hilo la tatu ndilo linalokuwa ratiba yake.

Nianze na mzee wetu. Mwendo anao, na ari anayo kupita kiasi. Shida ni kwamba atenololi huupunguza mwendo wa mapigo ya moyo, kwa hiyo ile kanuni ya kutoa umri katika 220, ambayo kwake ingetoa 149, haimhusu. Akijilazimisha kuifikia namba hiyo atajiumiza, na dawa asiiache ghafla ili moyo upige haraka, kwa sababu kuiacha ghafla kuna hatari yake. Atumie kipimo cha ulimi: akitembea kwa kasi inayofaa ataweza kuzungumza sentensi nzima lakini hataweza kuimba. Akiweza kuimba, aongeze kasi kidogo. Akishindwa kumaliza sentensi, apunguze. Presha ipimwe kwanza akiwa ametulia, na ikiwa ni 180 kwa 110 au zaidi, siku hiyo aende kituo cha afya badala ya mazoezini. Kuhusu mwamba, simkatazi milele. Aanze na barabara tambarare dakika kumi na tano siku tano za wiki, kila wiki aongeze dakika chache, kisha aingize vilima vidogo. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida ni sababu ya kusimama papo hapo na kutafuta daktari.

Mama nampa haki yake, kwani kulima ni mazoezi na mwongozo unaihesabu kazi hiyo. Lakini jembe lina kasoro tatu. Lina msimu, hivyo katika miezi ya kiangazi dakika zake zinashuka hadi karibu sufuri. Linamfanya ainame muda mrefu, jambo linalouchosha mgongo bila kuyaimarisha mapaja vya kutosha kuyabeba magoti. Tena halimfundishi kusimama kwa mguu mmoja, na anguko moja linaweza kumvunja nyonga na kumweka kitandani.

Mpime hivi: chukua kiti kigumu kisicho na mikono, kiegemezwe ukutani, aketi akiwa amekunja mikono kifuani, kisha asimame na kuketi mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30 wewe ukihesabu. Kwa mwanamke wa miaka 60 hadi 64, chini ya mara 12 ni dalili kwamba miguu imepungukiwa nguvu. Mwanaume wa miaka 70 hadi 74 naye kikomo chake ni 12. Kipimo hicho hicho ndicho zoezi lenyewe: seti mbili za mara nane, siku tatu kwa wiki, juu ya kiti kilichoinuliwa kwa mto ikiwa magoti yanalalamika, na mto uondolewe nguvu zikiongezeka. Aongeze kuinuka kwa vidole vya miguu akiwa ameshika kaunta ya kibanda chake, na kusimama mguu mmoja sekunde kumi, mteja asipokuwepo. Kamba aisahau.

Sasa wewe, ambaye umejiweka mwishoni mwa orodha. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet, katika ripoti yake ya mwaka 2024, ilihesabu mambo 14 yanayoweza kurekebishwa ambayo kwa pamoja yanahusishwa na takriban asilimia 45 ya demensia duniani, na kutokufanya mazoezi kumewekwa katika mambo ya umri wa kati. Mabadiliko ya ubongo huanza miaka mingi kabla mtu hajapotea njia ya kutoka sokoni. Katika nyumba yenu mwenye muda mrefu zaidi wa kufaidika ni huyu wa miaka 43 anayewauliza wengine habari za wazazi wake. Huna ugonjwa uliotaja, hivyo wewe ndiye unayeweza kubeba mwendo mkali. Shuka teksi vituo viwili kabla, upande mojawapo ya vilima vya Kampala kwa haraka hadi ushindwe kusema zaidi ya maneno machache, na uchague njia za ndani, si barabara kuu yenye moshi wa magari na bodaboda, maana hewa chafu nayo imo katika yale mambo 14.

Muuguzi wa Zamu (Mbarara) amejibu:

Mtaalamu amesema vyema, nami ninaongeza la kisukari tu, kwa kuwa ninawaona akina mama wa aina hii kila wiki.

Metformini peke yake ni nadra kuishusha sukari chini ya kiwango, lakini glibenklamidi huishusha, na mwenye umri mkubwa anaweza asizitambue dalili mapema. Mama asitoke kulima wala kutembea akiwa hajala. Kama ana kipimo nyumbani, akikuta sukari iko chini ya 5 (mmol/L) ale kwanza kitu chenye wanga, kwa mfano ndizi au kikombe cha uji, halafu asubiri kidogo. Mfukoni awe na sukari au peremende, na aliye naye shambani ajue kwamba kutetemeka, jasho baridi na maneno yasiyoeleweka maana yake ni kumpa sukari, si kumwambia apumzike kivulini. Ninalisisitiza hili katika mjadala wa ubongo kwa sababu sukari kushuka vibaya mara kwa mara nako kumehusishwa na hatari kubwa zaidi ya demensia, hivyo mazoezi yanayoiangusha sukari kila siku yatakuwa yanabomoa yanachokijenga. Amuulize daktari wake kama dawa hiyo bado inamfaa katika umri wake. Asiibadilishe mwenyewe.

Tena kuna miguu. Wengi wetu hulima pekupeku au na ndala. Mwenye kisukari ambaye nyayo zimeanza kufa ganzi anaweza kukanyaga mwiba asubuhi na kuuona jioni, ikiwa atauona. Viatu vya kufunika, soksi, na kuchungulia katikati ya vidole kila usiku. Zoezi la kusimama mguu mmoja nalo, kwa mtu mwenye ganzi, lifanyike akiwa ameshika kitu kila mara.

Mdadisi (Kampala) amejibu:

Nina heshima kwa wataalamu, lakini swali la kwanza la dada yetu limeachwa njiani. Aliuliza kama mazoezi yanazuia demensia.

Mwaka 2018 watafiti wa Shirika la Afya Duniani walichapisha takwimu zilizoonyesha kwamba Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi zenye watu wachache kabisa wasiofanya mazoezi ya kutosha, kama asilimia 5.5 tu ya watu wazima. Tulijisifu, na mwaka huo huo tukaanza kuwa na Siku ya Taifa ya Mazoezi ya Mwili. Ikiwa mwendo ni kinga, mbona wazee wetu, waliolima na kutembea maisha yao yote, bado wanapotea njia? Halafu kuna utafiti wa Whitehall II, uliowafuatilia watumishi wa serikali wa London zaidi ya 10,000 kwa takriban miaka 28 na kuchapishwa mwaka 2017. Haukuona kwamba mazoezi ya umri wa kati yanapunguza demensia. Ulichokiona ni kwamba watu ambao baadaye waliugua walianza kupunguza mwendo hadi miaka tisa kabla ya kutambuliwa. Yaani huenda ugonjwa ndio unaomweka mtu kitini, nasi tunakilaumu kiti. Zile hatua 3,800 za Mtaalamu zinaweza kuwa na kasoro hiyo hiyo.

Mtaalamu wa Viungo (Jinja) amejibu:

Mdadisi, hoja yako ya Whitehall ni nzito na sitaikwepa. Ndiyo maana sipendi neno „kuzuia“ likitamkwa kama chanjo inavyozuia surua. Hatuna jaribio lililochukua watu wazima, likawagawa kwa kura, na kuonyesha baada ya miaka mingi kwamba waliofanya mazoezi peke yake hawakupata demensia. Jaribio kama hilo ni gumu kulifanya, kwa kuwa lingehitaji miongo.

Tulicho nacho ni vipande. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani waliwagawa wazee 120, nusu wakatembea kwa kasi mwaka mzima na nusu wakafanya mazoezi ya kujinyoosha. Sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, inayoshughulikia kumbukumbu, iliongezeka kama asilimia 2 kwa waliotembea na kusinyaa kama asilimia 1.4 kwa wenzao. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya jaribio la FINGER la Finland, lenye watu 1,260 wa miaka 60 hadi 77 waliokuwa katika hatari. Kwa miaka miwili nusu yao walisaidiwa katika chakula, mazoezi, kazi za kuuchangamsha ubongo na uangalizi wa presha na sukari, na uwezo wao wa kufikiri ukawa bora kuliko wa waliopewa ushauri wa kawaida tu. Ninalopenda katika FINGER ni kwamba mazoezi hayakuwa ratiba moja iliyobandikwa ukutani: kila mtu alipangiwa yake na wataalamu wa viungo, akianzia pale mwili wake ulipokuwa. Mwaka 2025 jaribio la Marekani la namna hiyo, lenye watu 2,111, lilionyesha kwamba walioongozwa kwa karibu na waliojiongoza wenyewe wote waliboreka, walioongozwa wakiwatangulia wenzao kidogo. Hilo ni faraja kwa asiye na pesa ya kliniki.

Kuhusu sisi Waganda kuwa na mwendo mwingi, kumbuka namba ile huhesabu kazi na safari pamoja na michezo. Huko Denmark wanaume waliofanya kazi nzito za mwili walionekana kuwa na hatari kubwa zaidi ya demensia, si ndogo. Mtu anayebeba matofali hachagui kasi wala siku ya kupumzika, na mara nyingi ndiye asiyepimwa presha. Mwendo mwingi hauifuti presha isiyotibiwa, na katika nchi yetu kama mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha, wengi bila kujua. Kwa hiyo, kwa baba yake Binti wa Reli, sababu iliyo wazi kabisa ya kutembea ni kwamba kunasaidia kuishusha presha, na presha inayodhibitiwa huiokoa mishipa midogo ya ubongo. Hilo halihitaji tuumalize ubishi wa Whitehall kwanza.

Bibi wa Mbale amejibu:

Wanangu, mmehesabu dakika na hatua, na mimi nimesoma yote kwa miwani. Nina miaka 69 na niliwahi kupewa ratiba nzuri sana na kijana wa hospitali. Niliifuata siku kumi na moja. Haikuwa ngumu, ilikuwa ya upweke. Kuzunguka nyumba peke yangu nikihesabu, majirani wananiuliza nimepoteza nini.

Sasa tuko akina mama sita wa kanisa, tunacheza kadodi, ngoma ya tohara ya Wamasaba, uani Jumanne na Ijumaa, ngoma ikitoka kwenye simu ya mjukuu. Ninyi mnaoijua mnajua kwamba kadodi haina mchezo: mabega, kiuno na miguu kila kimoja kina kazi yake, na ukisahau hatua unamkanyaga mwenzako. Ngoma yenyewe ya tohara huja mwaka wa shufwa tu, lakini uani kwetu hatuungojei mwaka. Mwenye goti bovu hucheza mabega akiwa ameketi. Naomba katika yale maswali matatu ya Mtaalamu liongezwe la nne: ni kipi mtu huyu atakuwa bado anakifanya mwakani?

Mtaalamu wa Viungo (Jinja) amejibu:

Bibi, swali lako nimeliandika katika daftari langu la kazini, na nimeliweka la kwanza.

Binti wa Reli (Kampala) amejibu:

Nimerudi baada ya wiki tisa, kwa kuwa sikupenda kushukuru kabla ya kujaribu.

Mama alipopimwa kwenye kiti mara ya kwanza alisimama mara 8, na akakasirika, maana anabeba gunia la karanga. Hasira hiyo imefanya kazi kuliko maneno yangu. Amekiweka kiti kile kile kibandani na sasa anafika 11. Anasema magoti bado yanauma lakini ngazi ameacha kuzishuka kwa upande. Daktari wake ameiondoa glibenklamidi na kumpa dawa nyingine. Viatu amenunua, ingawa shambani huvivua nikiondoka, mdogo wangu ameniambia.

Baba alitupa somo ambalo hakuna kati yetu aliyelitarajia. Tulimtafutia kikundi cha wazee wanaotembea asubuhi, akaenda mara mbili akaacha, akidai wanapiga soga za kipuuzi. Ukweli ni kwamba Baba hawasikii wenzake. Sikio lake la kushoto liliharibika kwenye karakana ya reli, na katika kundi la watu wanane wanaotembea huku wakizungumza alikuwa anaitikia asiyoyaelewa. Sasa anatembea na rafiki mmoja tu, ambaye hukaa upande wa kulia, dakika 35 siku tano, na kile kipimo cha kuzungumza bila kuimba wanakitumia kwa dhati kwa sababu rafiki huyo ni mwanakwaya. Tumepanga apimwe sikio. Mwamba wamefika chini yake, wakautazama, wakarudi. Presha yake ya mwisho ilikuwa 138 kwa 84.

Mimi ninapanda kilima cha Namirembe kwa miguu mara tatu kwa wiki. Wiki mbili mvua ilinishinda, nikapanda ngazi za jengo la ofisi badala yake.

Limebaki moja. Mdogo wangu sasa anataka Baba Mkubwa naye aanze, tena kwa nguvu, ili ugonjwa usiendelee. Baba Mkubwa akivutwa mkono anapiga kelele.

Muuguzi wa Zamu (Mbarara) amejibu:

Asivutwe, dada yangu. Hapo ratiba inabadilika kwa sababu lengo limebadilika. Huko Uingereza walifanya jaribio, likachapishwa mwaka 2018, kwa watu 494 ambao tayari walikuwa na demensia ya awali au ya kati. Waliopewa mazoezi makali kiasi, ya kupumua kwa nguvu na kunyanyua uzito, miili yao ilipata nguvu, lakini ugonjwa haukupunguza mwendo, na vipimo vya kufikiri vilikuwa vibaya kidogo kuliko vya wenzao. Kwa hiyo mdogo wako asidhani kwamba kumlazimisha ni kumponya.

Mwendo bado unamfaa kwa usingizi, kwa choo, kwa kuizuia miguu isikakamae na kwa kutuliza mahangaiko ya jioni. Atembezwe saa ile ile kila siku, njia ile ile, na mtu anayemjua, kabla jua halijawa kali. Mtu huyo asimame mbele yake na kumpa mkono, angoje aushike mwenyewe. Ikiwa zamani alikuwa akienda sokoni, mpelekeni sokoni, hata kama hakuna cha kununua, na awe na karatasi yenye namba ya simu ya nyumbani katika mfuko wa shati. Siku atakayokataa, muacheni, mjaribu tena kesho yake.

Binti wa Reli (Kampala) amejibu:

Nitampeleka mimi mwenyewe Jumamosi hii. Njia ya sokoni Baba bado anaikumbuka vizuri, tutakwenda watatu, na Baba Mkubwa atakaa upande wake wa kulia.